Mama Mkwe Aliponisomea Geji

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilinikuta nimelala chali juu ya matikiti maji nyuma ya pikapu, mkono mmoja nimeshika kofia, mwingine nimekamata ubao wa pembeni, na mama mkwe wangu ameketi mbele kwa raha zake akinipigia kelele za nambari kupitia dirisha la nyuma. Usicheke bado. Huko mbele kuna mengine ya kuchekwa, na ukimaliza kicheko chote hapa mlangoni utaingia ndani mikono mitupu.

Nakuandikia kwa sababu ya juzi. Ulikuja mbio mbio, hata chai hukuimaliza, ukasema, "Ami, ile geji yako ya hewa na mafuta bado unayo? Kuna kabureta ya mteja inanitesa." Nikakwambia uje Ijumaa. Nikayaona macho yako yakisema: mzee huyu mchoyo. Si uchoyo, mwanangu. Geji ile ina hadithi yake, nami siwezi kukupa chombo nikakunyima hadithi. Tena mwezi ujao unaoa, na hadithi yenyewe inahusu huko kuliko kabureta. Najua ningekusimulia kwa mdomo ungekuwa unatazama simu. Karatasi hii utaisoma, japo kwa kunionea huruma.

Mimi unanijua. Ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza Kidato cha Nne, wenzangu walitawanyika: huyu Mombasa, yule Nairobi, mwingine akafika hadi Uarabuni. Mimi nikafika uani. Nikasimamisha kibanda cha makuti ubavuni mwa nyumba ya mamangu, hapa hapa Barani, nikatandaza spana zangu juu ya gunia, nikawa fundi. Gari lililotaka kutengenezwa lilikuja lenyewe. Lisilokuja, nilijua halina shida kubwa. Safari yangu ndefu kwa wiki ilikuwa ya kwenda msikitini Ijumaa, na hiyo pia nilikuwa nalalamika kwamba jua kali.

Kati ya wateja wangu alikuwako Mtaliano mmoja mtu mzima, tukimwita Bwana Pino. Alikuwa na kigari chekundu cha zamani, cha viti viwili, chenye kabureta mbili, na alikipenda kuliko alivyoipenda nyumba yake ya ufuoni. Kwenye dashibodi yake alikuwa amefunga geji ndogo ya duara, yenye nambari nyekundu zinazowaka. Waya wake ulipita chini hadi kwenye ekzosi, na huko kulikuwa na kidude kama plagi kinachounusa moshi. Kidude kikinusa, geji inakwambia hewa kiasi gani imechanganywa na mafuta kiasi gani. Nambari ikipanda, hewa imezidi na mafuta ni machache. Ikishuka, mafuta yamezidi. Basi. Hata wewe na kichwa chako hicho utaelewa.

"Kumi na nne nukta saba," Bwana Pino alikuwa akiniambia, amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Hapo petroli yote imeungua, hewa yote imetumika. Hakuna kilichobaki. Safi, Athumani! Safi!"

Alipouza nyumba akarudi kwao moja kwa moja, alinifungulia ile geji akaniachia. Nami nikairithi pamoja na mapenzi yake. Kumi na nne nukta saba! Nilikuwa nikilala nayo. Ilikuwepo pia nambari nyingine aliyowahi kunitajia, ya gari linapovuta mzigo, lakini hiyo aliitaja siku nina njaa, sikuisikiliza.

Sasa nije kwa Kadzo, mke wa ami yako, ambaye wewe unamjua ni mama mnene wa maneno machache anayekupakulia wali mara mbili. Enzi hizo alikuwa msichana wa Magarini, mtoto wa mkulima, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamuona mwenyewe. Babake alimfundisha kuendesha pikapu yao ya Datsun katikati ya shamba la mananasi, angali na sare ya shule. Mzee alipofariki, pikapu ile ikabaki, na katika watoto wote ni Kadzo peke yake aliyejua kuiendesha. Tulipooana, mama mkwe akamwambia, "Nenda nayo. Ukifanya kazi nayo ni yako. Ikikushinda, irudi tuiuze, tugawane, yaishe."

Basi Kadzo akafanya kazi. Alfajiri anaenda Magarini, anapakia matikiti maji ya mamake na ya majirani, anavuka mto Sabaki, anayateremsha Malindi sokoni na kwenye hoteli za Watamu. Akirudi anapika. Akimaliza kupika anamuogesha mamangu, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kumtupa. Mimi nilikuwa uani. Vijana wa mtaa walikuwa wakipita wanasema, "Athumani ameolewa!" Nami nikiwajibu, "Afadhali mimi nimeolewa na mwenye gari. Wewe utaolewa na nani, na baiskeli yako ya breki moja?" Nilijiona nimewaweza.

Nikataka kumfanyia mke wangu jambo. Hili ulitie maanani, mwanangu: nilifanya kwa mapenzi. Nilitoboa ekzosi ya pikapu, nikachomelea mahali pa kukaa kile kidude, nikaifunga geji ya Bwana Pino pale dashibodi mbele ya kiti cha abiria. Kisha nikaifungua kabureta. Ndani yake mna jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba, na tundu hilo ndilo linalopitisha petroli. Jeti ya marehemu babake Kadzo ilikuwa na tundu pana, nambari ikawa inakaa chini, kumi na tatu na kitu. Nikaona huu ni ubadhirifu. Nikaitoa nikamtupia Kadzo, "Hii haifai, inakunywa mafuta yako bure," nikatia nyingine yenye tundu dogo. Nikawasha. Nikazungusha skrubu kwa bisibisi, polepole, natazama geji. Nikazunguka nayo mtaani, kutoka langoni kwetu hadi msikitini na kurudi, pikapu tupu, dirisha wazi, upepo unaniingia kwenye kanzu.

Kumi na nne nukta saba. Haikutikisika. Niliita majirani waje kuiona. Mzee mmoja aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama inapata idhaa ya taarabu.

Haikupita wiki, Kadzo akaniambia tukiwa tunakula, "Athumani, pikapu inakata pumzi kwenye mpando wa Sabaki."

"Haiwezi."

"Tena inapiga chafya. Nikikanyaga mafuta, inapiga chafya."

Nilinyanyuka hata kabla sijanawa mkono, nikaiwasha pale uani, nikamwita. "Hebu tazama. Ngapi hiyo?"

"Kumi na nne nukta saba."

"Basi?"

"Basi hapa imesimama, Athumani. Haina kitu mgongoni."

"Geji haina upendeleo, mke wangu. Inasema kilichopo."

Akarudi ndani. Siku nyingine akaniambia tena, kwamba maji yanachemka na wenye magari nyuma yake wanampigia honi na kumtukania babake aliyekufa. Nikamwambia huenda anabadilisha gia vibaya. Mimi, mwanangu! Mimi ambaye nikifika daraja la Sabaki huanza kuulizia tutarudi lini, nikamwambia gia mwanamke anayepita pale kila siku. Baada ya hapo hakuniambia tena, nami nikadhani pikapu imepona. Kumbe anayelalamika bado anakutegemea. Anaponyamaza ndipo pa kuvaa viatu haraka.

Nilikuja kushtuka siku salamu zilipofika kutoka kwa mama mkwe. Amepatikana mtu wa Marereni anayetaka pikapu ya kusombea chumvi mle mle mashambani mwa chumvi, pasipo na mpando wala mteremko. Kwa kuwa Kadzo amekuwa akikwama njiani na mzigo, bora iuzwe. Nilimtazama mke wangu nikingoja akatae. Pikapu ile ndiyo sauti ya babake iliyobaki duniani. Hata honi yake ilikuwa ya kwikwi kama mzee anavyocheka, na hakuniruhusu kuitengeneza.

Akasema tu, "Iuzwe. Nimechoka."

Hakulia, wala hakunilaumu. Alisema kama mtu anayekubali kuongezewa chumvi kwenye mchuzi. Ile sauti iliniuma mahali ambapo sikujua pana mshipa. Nikarukia pale pale: "Haiuzwi! Gari zima! Geji inasema zima!"

Maneno yangu yakamfikia mama mkwe, na jibu lake likarudi upesi: "Basi mkwe wangu aje aipande yeye mwenyewe ikiwa na mzigo. Ikipanda Sabaki, ibaki. Isipopanda, mwenye chumvi yuko tayari."

Hivyo ndivyo nilivyotolewa uani. Asubuhi ile niliagana na mamangu kama ninayekwenda kuhiji. Njia nzima hadi Magarini pikapu ilikuwa tupu na nambari ikakaa pale pale pazuri, na kila baada ya muda nilimgusa Kadzo bega, "Unaona?" Yeye alikuwa akitazama barabara.

Tulipofika, majirani wakapakia matikiti hadi pikapu ikachuchumaa. Mama mkwe akatoka ndani amejifunga leso mpya, na kikapu mkononi.

"Nami nakwenda," akasema. "Nikaone kwa macho yangu, nisije nikahadithiwa."

Hapo, mwanangu, ndipo ilipoanza shida ambayo vitabu vya ufundi havikuiandika. Pikapu ina kiti kimoja kirefu mbele. Dereva ni Kadzo. Na wewe unajua, au kama hujui utajua mwezi ujao, kwamba mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega. Kwao Kadzo heshima hiyo ni kubwa. Mkikutana njiani unampisha, unapita pembeni umeinamisha macho. Kukaa naye kiti kimoja, paja kwa paja, kila kona mnaegemeana? Afadhali ningebeba matikiti yale kichwani.

Basi mama mkwe akaingia mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya mzigo. Fundi nyuma, geji mbele. Nilibaki nimelala pale natazama mawingu, najiuliza nitajuaje sasa inasema nini.

Yeye ndiye aliyeona kwanza. Nikasikia akimuuliza Kadzo, "Kijisaa hiki ndicho kinachosema gari zima?"

"Ndicho, mama."

"Kadzo, mwambie mkwe wangu nitamsomea. Nambari nazijua. Simu inaniletea za pesa kila siku."

Dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Kadzo akapaza sauti, "Athumani! Mama anasema atakusomea!"

"Nimesikia! Mwambie mama ahsante!"

"Mama, anasema ahsante."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie kumi na nne nukta tisa."

"Athumani, kumi na nne nukta tisa!"

Na hivyo ndivyo tulivyokwenda, mwanangu, heshima yetu ikipitia kwa Kadzo kila nambari, mama mkwe ametazama mbele bila kugeuza shingo hata kidogo, mimi nikijibu kwa mawingu. Watu wa barabarani walisimama kututazama. Tulikuwa kama mnada.

Tukavuka daraja. Mpando ukaanza. Kadzo akashusha gia, akakanyaga mafuta, na injini ikaanza kuhema.

"Mwambie kumi na tano na nusu," sauti ya mama ikasema. "Mwambie kumi na sita." Kadzo alikuwa anapigana na usukani, hakuweza kuwa mkalimani. Kidogo nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, mama mkwe ananiita mwenyewe: "Mkwe! Kumi na sita nukta nne! Inapanda!"

"Inapanda gari au nambari, mama?"

"Nambari! Gari halipandi!"

Pikapu ikapiga chafya. Nikaisikia mgongoni mwangu, kupitia matikiti, kama mtu aliyeshikwa na kikohozi akitaka kusema neno. Chafya ya pili. Harufu ya joto ikaja. Tukawa tunakwenda polepole mpaka mtu mmoja aliyekuwa anaisukuma baiskeli yake iliyojaa madafu akatufikia, akatembea nasi sambamba kidogo, akaniuliza kwa adabu kama niko salama huko juu, kisha akatupita.

"Kumi na saba, mkwe!" mama akapiga kelele. "Kumi na saba!"

Injini ikazimika. Nikaruka chini nikatia jiwe nyuma ya tairi, mvuke ukitoka chini ya boneti.

Mama mkwe akashuka upande wake. Alisimama akautazama mto kule chini, gari likiwa kati yetu, akasema nami bila kunitazama, kama ilivyo adabu.

"Mkwe, gari hili ulilipima wapi?"

"Uani, mama."

"Likiwa limebeba nini?"

"Lilikuwa tupu."

"Na Kadzo hakukwambia?"

"Aliniambia, mama."

Nilitamani anitukane, lakini hakuwa mtu wa matusi. Akasema, tena kwa upole, "Mwanangu huyu ulipokuja kumposa alikuwa tupu. Hana mzigo. Anacheka tangu kuche. Ukampima ukaona yuko sawa, unajua akitaka kiasi gani cha kusaidiwa, kiasi gani cha maneno mazuri. Leo amebeba gari, amebeba soko, amebeba nyumba, amebeba na mamako. Nawe kipimo ni kile kile cha uani. Halafu akikata pumzi unamuonesha geji."

Nikageuka kumtazama Kadzo. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amevua viatu, anajipepea na kifuniko cha kikapu. Leso imelowa mgongoni. Viganja vyake vilikuwa na sugu nyeusi za usukani. Mwanangu, niliona kitu cha ajabu: nilikuwa sijawahi kumuona. Mimi nilimjua Kadzo wa jioni, aliyekwisha kuoga, anayeniletea sahani. Huyu wa mpandoni, anayeendesha huku ameuma midomo, nilikuwa sijakutana naye. Nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilisikia kile kicheko chake kabla ya kumuona, nikashindwa.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. "Kadzo, nipe siku chache. Nitatafuta jeti kubwa, nitaagiza hata Mombasa..."

Akaninyooshea mkono, akasimama, akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa kunjwa. Ndani yake mlikuwa na jeti ya babake, ile niliyomtupia. Aliifuta, akaitunza.

"Ulisema haifai," akaniambia. "Lakini ilikuwa ya baba."

Injini ilipopoa nikaifungua kabureta pale pale kando ya barabara, nikarudisha kile kipande cha shaba mahali pake. Hapo ndipo nikakumbuka ile nambari nyingine ya Bwana Pino, niliyoiacha ipite kwa ajili ya njaa: injini ikivuta mzigo, usiidai kumi na nne nukta saba. Ipe mafuta zaidi. Iache ishuke hadi kumi na tatu, kumi na mbili na kitu. Petroli ile inayoonekana imezidi ndiyo inayoipoza injini na kuipa nguvu. Ukiibania, inajiunguza yenyewe ikijaribu kukuridhisha.

Tulimaliza, nikataka tuendelee pale tulipoishia. Mama mkwe akakataa. "Tuirudishe hadi mtoni tuanze upya. Nusu ya mpando si mpando." Kadzo akairudisha kinyumenyume taratibu, mimi nikitembea nyuma na jiwe langu mkononi, naomba dua zote nilizofundishwa chuo cha Kurani.

Tukaanza tena. Nilikuwa nimejilaza juu ya matikiti, nimefumba macho.

"Mkwe! Kumi na tatu!"

"Haya, mama!"

"Kumi na mbili nukta nane! Inashuka, mkwe! Ni mbaya?"

"Nzuri, mama! Usiiache itoke hapo!"

"Mimi sijaishika!"

Na hapo, mwanangu, juu ya mngurumo wa injini, nikasikia kicheko. Kadzo alikuwa anacheka. Alitucheka mama yake na mimi, alicheka njia nzima ya mpando, na pikapu ikawa inapanda bila chafya, bila kuhema. Juu kabisa tulimkuta yule mtu wa madafu amepumzika kivulini. Kadzo akampigia ile honi ya kwikwi.

Tulipofika Malindi sokoni, mama mkwe akashuka, akajifunga leso yake vizuri. Safari hii hakutazama pembeni wala kwangu. Alimtazama binti yake.

"Yule mtu wa chumvi," akasema, "atafute punda."

Pikapu ikabaki. Ilikula petroli zaidi, kweli, na ukiiwasha uani ile nambari nzuri ya Bwana Pino huioni tena. Inakaa chini kidogo na moshi una harufu. Majirani wakaniuliza kama geji imeharibika. Nikawaambia hapana, fundi ndiye aliyetengenezwa.

Halafu nilianza kupika. Maana nilijiuliza: mtu anashinda nyumbani kutwa, anapenda nyumbani, anajisifu kwa kupenda nyumbani, kisha anamngoja aliyetoka alfajiri aje awashe jiko! Hebu hesabu hiyo nimsomee nani? Siku ya kwanza nilimpikia wali wa nazi. Kadzo akaonja, akatafuna kwa shida, punje zikilia menoni, akanitazama akasema, "Kumi na saba." Nikaongeza maji. Mamangu nikawa namuogesha mimi, naye akawa ananiambia mkono wangu mgumu kama tupa, lakini alinivumilia.

Tangu siku ile tuna neno letu nyumbani. Umewahi kulisikia ukadhani tunaongea upuuzi wa wazee. Siku ambazo mambo yamemlemea, Kadzo akiingia mlangoni hanihadithii mengi. Ananiambia tu, "Leo niko Sabaki." Basi siulizi kwa nini, simuoneshi kwamba jana alikuwa mzima. Naongeza. Chai, maneno, kunyamaza, chochote kinachotakiwa. Na mimi pia nina siku zangu za Sabaki, ingawa yeye husema mpando wangu mkubwa ni kizingiti cha lango.

Pikapu ile ilizeeka ikapumzishwa kwa heshima. Anayoiendesha sasa haina kabureta, ina kompyuta yake ndani, haina haja nami wala na geji. Ndiyo maana geji iko kwenye mkebe wa maziwa chini ya kitanda, imefungwa kitambaa, inakungoja.

Basi njoo Ijumaa uichukue, mwanangu, na nasaha yake ni hii. Kabureta ya mteja usiipime kwenye kivuli cha gereji ukaridhika. Pakia gari vile linavyopakiwa, peleka mahali linapoteseka, ndipo usome. Anayeliendesha akikwambia linakata pumzi, mwamini kabla hujaiamini nambari, kwa sababu yeye anakaa nalo na wewe unalitembelea. Na huyo binti unayemuoa, leo hii ni mwepesi, anacheka, anaridhika na kidogo, nawe unajiona umeshajua kipimo chake. Hujajua. Atabeba mimba, atabeba wazazi wako na wake, atabeba madeni ya dunia na hasira zako. Kila akiongezewa mzigo, nawe ongeza, usingoje aombe mara ya tatu. Usimwambie zamani hukuwa hivi. Nenda naye mpandoni mara moja moja ukamuone huko, hata kama wewe ni mtu wa nyumbani kama ami yako. Na ukipewa mzigo wewe, sema. Usijiunguze kimya kimya ili uonekane mwanamume.

Mke wa ami yako amesoma haya juu ya bega langu. Anasema nimesahau kuandika kwamba siku ile nilishuka sokoni na tikiti moja limepasuka chini yangu, kanzu nyekundu nyuma, na nilitembea hivyo hivyo hadi nyumbani nikidhani watu wananisalimia kwa ushujaa. Haya, nimeandika.

Mola akupe nyumba yenye baraka, mwanangu, na mke ambaye kicheko chake utakisikia kabla hujamuona hadi uzeeni. Akupe mgongo wa kubeba na jicho la kumuona anayebeba. Akujaalie na mama mkwe mwenye sauti kubwa, na siku akikusomea nambari, akujaalie uwe umelala mahali unapoisikia.